Bei ya Mkongwe wa Safu ya Mbele

Novemba 14, 2022, Philadelphia Eagles walipoteza mechi yao ya kwanza ya msimu, pointi 32 kwa 21, mbele ya Washington waliokuwa wakisuasua. Washington waliukimbiza mpira katikati ya uwanja usiku kucha, wakapata yadi 152 kwa miguu na kuukalia mpira zaidi ya dakika 40 kati ya 60. Jordan Davis, kijana wa zaidi ya kilo 150 aliyekuwa akiziba katikati ya ulinzi wa Eagles, alikuwa majeruhi. Siku tatu baadaye timu hiyo ilikuwa imeshawasajili Linval Joseph, miaka 34, na Ndamukong Suh, miaka 35. Msimu ulikuwa umefika katikati, na wote wawili hawakuwa na timu.

Hapo ndipo swali linapoanza. Kama wanaume hawa bado walikuwa na thamani, kwa nini walikuwa wamekaa nyumbani hadi Novemba? Na kama thamani yao ilikuwa imekwisha, kwa nini timu iliyokuwa ikiongoza ligi nzima iwakimbilie mara tu ilipojikwaa? Jibu langu ni kwamba soko la wachezaji huru wa ligi ya futiboli ya Kimarekani, NFL, hukosea mara mbili kwa mtu yuleyule. Humlipa kupita kiasi akiwa na miaka 27 au 28, kisha humpunja akishavuka 31. Kosa la pili, lile la kumpunja, halitokani sana na mwili wake. Linatokana na kanuni za fedha.

Kwanza, kazi yenyewe, kwa msomaji aliyezoea soka. Kila mpira unapoanzishwa, watu wanne hivi wa ulinzi huwa wameinama ana kwa ana na ukuta wa washambuliaji watano, kila mmoja akikaribia kilo 140. Nyuma ya ukuta huo yuko kotabaki, anayeupokea mpira na kuamua ama aurushe ama ampe mwenzake akimbie nao. Mlinzi wa safu ya mbele ana kazi mbili zinazovutana. Akirushiwa mpira mtu wa mbali, yeye atakiwa awe amevunja ukuta na kumlaza kotabaki kabla mkono haujatoka. Ukikimbizwa mpira, atakiwa asisogee hata hatua moja, awashike washambuliaji wawili kwa pamoja ili mwenzake aliye nyuma yake abaki huru kukamata mkimbiaji.

Kazi ya kwanza inahesabika. Tangu mwaka 1982 NFL huandika rasmi kila mara kotabaki anapolazwa na mpira mkononi, na wawili wakimwangusha pamoja kila mmoja hupata nusu. Ndiyo maana utaona namba kama 14.5. Kazi ya pili haina safu yake kwenye jedwali. Mlinzi aliyesimama imara mbele ya wawili hadi mkimbiaji akakosa njia hapati chochote. Anayeandikwa ni yule aliyemkamata mkimbiaji. Mawakala hupeleka mezani kinachohesabika, na wenye timu hulipa kinachohesabika. Bei ya mlinzi huyu huwekwa kwa nusu ya kazi yake tu. Nusu inayosahaulika ndiyo anayobaki nayo muda mrefu zaidi, kwa sababu mbio za hatua ya kwanza huisha mapema kuliko nguvu za kiuno na ujuzi wa mikono.

Inapendeza kwamba soko lenyewe lilifunguliwa na mtu wa kazi hii. Kabla ya 1993 mchezaji wa NFL aliyemaliza mkataba alikuwa huru kwa jina tu. Kuanzia 1989 kila klabu iliruhusiwa kuwazuia wachezaji wake 37, yaani wote wenye maana, na kuwaachia waliobaki. Septemba 1992 baraza la mahakama liliwapa ushindi wachezaji katika kesi ya mwenzao Freeman McNeil, na kesi iliyofuata, iliyobeba jina la Reggie White kwa niaba ya wachezaji wote, ikaishia kwenye makubaliano ya Januari 1993 yaliyozaa soko tunaloliona leo. White, mhubiri aliyeitwa Waziri wa Ulinzi, alikuwa amewalaza makotabaki mara 124 katika mechi 121 za Philadelphia. Alikuwa na miaka 31. Miji kadhaa ilimwandalia karamu, na Aprili akamwaga wino Green Bay, mji mdogo wa baridi kali ambao wachezaji wengi waliuona kama adhabu, kwa mkataba wa miaka minne wa dola milioni 17.

Wapo waliosema Green Bay imelipia miaka iliyopita. Januari 1997 White alimlaza kotabaki wa New England mara tatu kwenye fainali, Super Bowl ya 31, na Green Bay ikapata ubingwa iliokuwa ikiungoja tangu msimu wa 1967. Mwaka 1998, akiwa na miaka 36, alilaza mara 16 na kuchaguliwa mlinzi bora wa ligi. Sitaki kumfanya White kuwa kipimo cha wengine, maana watu wa aina yake hawazaliwi kila msimu. Ila soko hili lilianza kwa kumnunua mkongwe, na ununuzi ule ulikuwa halali kwa kila senti.

Sasa fedha. Mwaka 1994 NFL iliweka kikomo cha mishahara: kila timu isivuke kiasi kilekile, dola milioni 34.6 kwa mwaka huo wa kwanza. Mwaka 2025 kikomo kilikuwa dola milioni 279.2. Kwa hiyo kulinganisha dola za mwaka mmoja na za mwingine ni kujidanganya. Kinachosema kweli ni sehemu ya kikomo anayochukua mtu mmoja. Wastani wa White, dola milioni 4.25 kwa mwaka, ulikuwa zaidi ya asilimia 12 ya kikomo kile cha kwanza. Miami walipompa Suh mkataba wa miaka sita wa zaidi ya dola milioni 114 mwaka 2015, karibu milioni 60 kati yake zikiwa za uhakika, wastani wake ulikuwa asilimia 13 ya kikomo cha mwaka ule. Suh alikuwa na miaka 28. Kwa dola, hakuna mlinzi aliyewahi kulipwa hivyo kabla yake.

Lakini tarakimu kubwa za magazetini si mshahara. Mikataba ya NFL, tofauti na ile ya soka la Ulaya, timu huweza kuivunja ikitaka. Kinachobaki ni sehemu ya uhakika na fedha za kusaini. Fedha za kusaini hulipwa mapema, ila kwenye hesabu ya kikomo hugawanywa kwa miaka isiyozidi mitano. Mpe mtu milioni 20 za kusaini kwa miaka mitano, na kila mwaka zitahesabiwa nne. Mteme baada ya miaka miwili, na milioni 12 zilizobaki zinakuangukia ingawa mtu mwenyewe yuko timu nyingine. Miami walimtema Suh Machi 2018, baada ya misimu mitatu tu kati ya sita, na zaidi ya dola milioni 22 zikabaki kwenye vitabu vyao kwa miaka miwili. Katika misimu hiyo mitatu alikuwa ameangusha makotabaki mara 15.5, na timu ilifika hatua ya mtoano mara moja, ikatolewa palepale.

Je, Suh alishindwa? Wengi waliandika hivyo. Naona tofauti. Aliziba katikati kila wiki, hakukosa mechi hata moja. Kilichoshindwa ni wazo kwamba mtu mmoja wa katikati anaweza kubeba asilimia 13 ya bajeti ya kikosi cha watu 53. Kotabaki anaweza, kwa sababu kila shambulizi linapita mikononi mwake. Mlinzi wa katikati hawezi: wapinzani wakimwona ni hatari, wanampelekea watu wawili na kuupitisha mpira upande wa pili.

Mfano mbaya zaidi ni wa Albert Haynesworth. Februari 2009, akiwa na miaka 27, Washington walimpa mkataba wa miaka saba wa dola milioni 100, milioni 41 zikiwa za uhakika. Huko Tennessee alikuwa moto wa kuotea mbali kwa sababu aliachiwa kushambulia apendavyo. Mwaka uliofuata akaja kocha mpya, Mike Shanahan, na mfumo wa watu watatu mbele ambao ulimtaka Haynesworth asimame katikati na kuwashika wawili. Hakutaka. Akashindwa hata mtihani wa kukimbia wa kambi ya mazoezi, jambo lililogeuka tamthilia ya majira yote ya joto. Baada ya misimu miwili na mara 6.5 za kumlaza kotabaki, aliuzwa New England kwa zamu moja ya raundi ya tano katika uteuzi wa vijana wa vyuo. Kisa hiki kwa kawaida husimuliwa kama habari ya uvivu. Uvivu ulikuwepo, lakini kosa lilianzia kwa mnunuzi, aliyelipia kazi moja kisha akamwagiza nyingine.

Weka Haynesworth na Suh wa Miami upande mmoja, kisha umtazame Suh aliyekuja baadaye. Mwaka 2018 Los Angeles Rams walimchukua kwa msimu mmoja, dola milioni 14, wakamweka kando ya mlinzi mwenzake Aaron Donald. Kwa kuwa Donald ndiye aliyekuwa akipelekewa watu wawili, Suh alipata mtu mmoja mbele yake, na timu ikafika fainali, ikafungwa 13 kwa 3. Mwaka 2019 akaenda Tampa Bay kwa milioni 9.25. Mwaka 2020 tena kwa mwaka mmoja, milioni 8, yaani asilimia 4 ya kikomo. Misimu yote miwili ulinzi wa Tampa ulikuwa wa kwanza ligi nzima kwa kuzuia mbio. Februari 2021, akiwa na miaka 34, alishiriki kumlaza kotabaki Patrick Mahomes mara 1.5 katika fainali ambayo Tampa walishinda 31 kwa 9. Huyu alikuwa Suh yuleyule, kazi ileile, kwa chini ya theluthi moja ya uzito aliokuwa nao kwenye hesabu za Miami. Kama kuna ushahidi mmoja tu ningeruhusiwa kupeleka mbele ya wenye timu, ningepeleka huo.

Calais Campbell anaonyesha jambo hilo kwa upana zaidi, maana ameishi kila hatua ya soko hili. Arizona walimchukua mwaka 2008, akiwa wa 50 katika uteuzi. Jitu la urefu wa mita mbili na zaidi, linalofunika pasi kwa mikono hata pale lisipomfikia mtu. Baada ya misimu tisa, mwaka 2017, akiwa na miaka 30, Jacksonville walimpa miaka minne kwa dola milioni 60. Mechi ya kwanza, dhidi ya Houston, alilaza mara nne. Msimu ulipokwisha alikuwa na 14.5, na timu iliyoshinda mechi tatu tu mwaka uliotangulia ilikuwa imeshinda kumi na kufika mchezo mmoja kabla ya Super Bowl. Mara yake ya kwanza kufikisha tarakimu mbili ilikuwa hapo, akiwa na miaka 31! Machi 2020 Jacksonville walimtoa kwenda Baltimore kwa zamu moja ya raundi ya tano. Bei ileile ya Haynesworth, mtu aliyekuwa amekataa kazi. Soko halikuona tofauti.

Kutoka hapo bei yake ikashuka ngazi kwa ngazi. Atlanta walimpa milioni 7 kwa msimu wa 2023, akalaza mara 6.5 na kuvuka 100 katika maisha yake. Juni 2024 Miami walimpata kwa milioni 2, chini ya asilimia moja ya kikomo. Akalaza mara 5, akacheza mechi zote 17 akiwa na miaka 38. Kipaji hakikushuka kwa kasi ya bei. Kwa nini basi, baada ya msimu mzuri wa Atlanta, alisubiri hadi Juni?

Hapa ndipo kanuni zinapofanya kazi yake kimyakimya. NFL hufidia klabu zinazopoteza wachezaji huru kwa kuzipa zamu za ziada katika uteuzi wa vijana, lakini hesabu hiyo hupunguzwa na wachezaji huru unaowasajili wewe. Baada ya siku fulani, muda mfupi kufuatia uteuzi wa Aprili, usajili hauhesabiki tena. Meneja mkuu anayetunza zamu zake ana kila sababu ya kumwambia mkongwe: subiri. Mkongwe aliyetemwa na timu yake hahesabiki wakati wowote, kwa hiyo anaweza kusajiliwa Machi bila hasara, ila Machi fedha zinawaendea vijana, na yeye anapata kilichobaki.

Kanuni nyingine inahusu mshahara wa chini. Kima cha chini hupanda kwa miaka ya utumishi. Mwaka 2024 mwenye misimu saba au zaidi hakuweza kulipwa chini ya dola milioni 1.21. Ili wakongwe wasitupwe kwa kuwa ghali kuliko vijana, ligi na chama cha wachezaji walikubaliana kwamba mkongwe wa mwaka mmoja kwa kima cha chini ahesabiwe kwenye kikomo kama mwenye misimu miwili, dola 985,000. Nia ilikuwa njema, na bila shaka imeokoa ajira nyingi. Matokeo yake mengine ni kwamba imejengeka sakafu inayowavuta wakongwe chini: kuna punguzo la kodi, kwa lugha ya mtaani, kwa kumlipa mtu kidogo, na punguzo hilo halipo kwa kumlipa katikati.

Ya tatu ndiyo inayoeleza Novemba ya Eagles. Mchezaji mwenye misimu minne au zaidi akiwa kikosini siku ya mechi ya kwanza, mshahara wake wa mwaka mzima huwa wa uhakika hata akitemwa wiki inayofuata. Timu huogopa hatari hiyo. Wakongwe hubaki nyumbani Septemba, simu zinaanza kulia baada ya mechi ya kwanza, na nyingine hulia majeruhi wanapoongezeka. Hata waliomo kikosini huchezewa mchezo wa tarehe: Machi 2022 Eagles walimwacha Fletcher Cox, nguzo yao ya miaka kumi, kabla dola milioni 18 za mshahara wake hazijawa za uhakika, na siku mbili baadaye wakamrudisha kwa milioni 14.

Upande wa pili wa hoja una uzito wake. Mwili wa mtu wa kilo 135 anayegongana na wawili kila nusu dakika hauna deni na mtu. J.J. Watt, mlinzi bora wa ligi mara tatu, alisajiliwa Arizona mwaka 2021 kwa dola milioni 28 za misimu miwili. Msimu wa kwanza bega likamtoa baada ya mechi saba. Msimu wa pili, akiwa na miaka 33, alilaza mara 12.5 kisha akatundika daluga. Ukikokotoa, Arizona walilipia misimu miwili na kupata mmoja na nusu, na mwenye timu yeyote anayehofia hilo hana kosa. Aaron Donald, bora wa kizazi chake, alistaafu Machi 2024 akiwa na miaka 32, bado akiwa kileleni, jambo linaloonyesha mwenye mwili alijua anachokijua. Na Eagles wa 2022 wenyewe? Walimaliza msimu na mara 70 za kuwalaza makotabaki, mbili tu pungufu ya rekodi ya Chicago ya 1984. Kwenye fainali, juu ya nyasi zenye utelezi, hawakumlaza Mahomes hata mara moja, wakafungwa 38 kwa 35. Suh na Joseph waliletwa kuziba njia za katikati, na kazi hiyo waliifanya vizuri hadi Februari. Ubingwa hawakuweza kuuleta.

Hofu ya mwili, hata hivyo, ina dawa inayojulikana kwa kila kocha: mpunguzie mkongwe kazi. Ulinzi husimama uwanjani mara 60 hivi kwa mechi, na timu nzuri huzungusha watu saba au wanane pale mbele. Julius Peppers alirudi Carolina mwaka 2017, akiwa na miaka 37, akacheza karibu nusu ya mara hizo na kulaza mara 11. Bruce Smith alitemwa na Buffalo mwaka 2000 kwa sababu ya kikomo, akiwa na miaka 36, akalaza mara 10 msimu huohuo akiwa Washington. Huyu wa mwisho ana onyo lake pia: alibaki Washington hadi alipofikisha 200 mwaka 2003 na kuivunja rekodi ya White ya 198, na miaka ile ya mwisho ilikuwa na harufu ya kuifukuzia namba kuliko ya kuisaidia timu. Ukimsajili mkongwe, angalia kama anakuja kufanya kazi au kukamilisha jedwali lake.

Kwa hiyo ningepewa dola milioni 16 za safu ya mbele, nisingezipeleka zote kwa mtu mmoja wa miaka 28 aliyetoka kwenye msimu mmoja wa moto. Ningesajili wakongwe wawili wa miaka 32 au 33, mwaka mmoja kila mmoja, milioni 7 au 8 badala ya ile moja na ushei ambayo kanuni zinanikaribisha nilipe. Ningewaita Machi ili nisigombee masalio ya Juni. Kila mmoja angecheza mara 30 kwa mechi, katika kazi aliyokuwa akiifanya huko alikotoka. Mwaka 2025 Arizona walifanya kitu kinachokaribia hicho: walimrudisha Campbell nyumbani, kwa mwaka mmoja, kwa zaidi ya dola milioni 5, msimu ambao angetimiza miaka 39.